Upande Niliouficha

Niliugundua uvimbe nikiwa naoga, wiki ya kwanza ya Disemba, na nikamwambia daktari mwishoni mwa Machi. Hesabu mwenyewe miezi hiyo. Kama na wewe umegusa kitu mwilini mwako na umekinyamazia, ujue ninaandika haya nikiwa nimekukasirikia. Najikasirikia mimi kwanza, halafu wewe. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuogesha watu. Kila asubuhi niligeuza miili ya wazee, nikakagua migongo na visigino nisipitwe na kidonda, nikaandika nilichokiona katika daftari la zamu. Mwili wangu mwenyewe niliuvalisha sidiria nikafunga mjadala.

Ulikuwa ni saratani ya titi la kushoto. Nautaja ugonjwa kwa jina lake kwa sababu kwetu unaitwa "ule ugonjwa", au mtu husemwa ana shida ya kifua, au watu hutazama chini tu. Sina la kukufundisha kuhusu dawa, waulize waliosomea. Mimi nitakueleza kuhusu viti vya kungojea, mume wangu, mama yangu, na mzee mmoja wa DeSoto, mji mdogo kusini ya Dallas huku Amerika, aliyekuwa akikimbia na mpira zamani, maana ndiye aliyenikamata.

Nitamwita Mzee Lamar. Binti yake alikuwa na kazi ya ofisi huko Plano, hana nafasi ya kumtazama baba mchana, kwa hiyo kampuni ya wahudumu ikanipangia mimi. Nilitoka Irving alfajiri, nikavuka Dallas yote, nikamkuta ameketi kitandani ananingoja, mikono juu ya magoti. Mwanzoni aliniita "Kenya". Siku ya tatu nilimwambia nchi haiwezi kumvua mtu soksi, mimi naitwa Wakesho. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo akaniita Keesho, na nikamwachia.

Alikuwa hafubeki miaka ya hamsini, katika mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Hafubeki anasimama nyuma ya wenzake, anakabidhiwa mpira, anatafuta tundu katikati ya wanaume wenye ukubwa wa kabati, na anapenya. Asipopata tundu anagongwa. Alifanya hivyo kwa malipo misimu saba, baada ya kutoka chuo cha watu weusi huko mashariki ya Texas. Msimu wa kwanza walimpa kazi ya kudaka mipira iliyopigwa kutoka mbali na kurudi nayo mbio, kazi ambayo wenzake weupe hawakuitaka kwa sababu ilivunja watu. Msimu wa tatu magazeti yakampa jina la utani. Timu iliposafiri kusini, wenzake walilala hotelini, yeye na weusi wengine wawili wakalala nyumbani kwa mchungaji ng'ambo ya reli. Siku walipocheza Dallas mama yake alikuja kumtazama, akakalishwa kwenye kona ya mwisho waliyotengewa weusi. Mzee Lamar aliniambia mchana kutwa alikimbilia kona ile, hata mchezo ulipomtaka aende kwingine. Kocha alimtukana, lakini mama yake alimwona vizuri.

Picha yake ilitundikwa ukumbini, kijana mwenye mabega mapana, mguu mmoja hewani. Mimi niliyemjua ndiye yule niliyemsugua magoti. La kulia lilikuwa na makovu manne, na kila kovu lilikuwa na msimu wake.

"Hili ni la msimu wa tano," alisema. "Liliteguka kabla ya mapumziko. Daktari wa timu akanichoma sindano, nikarudi uwanjani. Halafu nikalala hospitali siku tisa. Magazeti yaliambiwa nina mafua."

"Mafua!" Niliangusha kitambaa ndani ya beseni. "Na wewe ukanyamaza?"

"Kila mtu alikuwa na mafua, Keesho. Ukisema unaumwa, kuna kijana mwingine anangoja kiatu chako."

Alisimulia akitabasamu. Lile tabasamu lilinichemsha damu. Walikuwa wamemtumia kama punda, wakamtoa akiwa na miaka ishirini na tisa, akaenda kuendesha lori la maziwa kwa goti la mzee, na bado aliwatetea. Nilimkasirikia kwa kutokasirika.

Lakini mtazame anayesema. Februari alianguka ukumbini, chini ya picha yake. Alikuwa ameanza kuumwa kichwa asubuhi na macho yakimcheza. Nilipofungua daftari la zamu alinishika mkono.

"Usiandike. Binti yangu akisoma, ataniweka kwenye nyumba ya wazee."

Sikuandika. Nilijua ni kosa, nilijua kwamba kazi yangu yote ni kuandika, na sikuandika, kwa sababu na mimi nilikuwa nina langu chini ya nguo na nilijua ladha ya kuachwa kwa amani. Tulikuwa waongo wawili tunakunywa kahawa.

Ni yeye aliyevunja mapatano. Asubuhi moja ya Machi nilipomnyanyua kutoka kitini alinikazia macho.

"Umebadilisha mkono," akasema. "Unaninyanyua kwa kulia. Tangu Krismasi."

"Nimechoka tu, mzee."

"Mimi nililishwa na macho yangu. Unajua tulichagua vipi pa kupitia? Kabla ya mchezo tulimtafuta anayeficha jeraha. Aliyefungwa bendeji waziwazi tulimwacha, maana wenzake walimkinga. Yule anayejifanya mzima, hakuna anayemkinga. Nilimjua kwa namna alivyoinama, alivyoshusha bega. Nikampelekea mpira upande ule ule, tena na tena, mpaka akabebwa." Akalishika goti la kulia. "Nimewaumiza watu hivyo. Na mwaka wa saba, mtu akaniona mimi. Alikuja moja kwa moja kwenye goti hili, hakuligusa lingine."

Nikamfunga vifungo vya shati.

"Nani anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi hakuna anayekukinga."

Nilimwambia ashughulike na magoti yake. Nikatoka nikaingia ndani ya gari langu pale pale kwenye uwanja wa nyumba yake, nikalia kwa hasira mpaka vioo vikaingia ukungu. Halafu nikapiga simu kliniki.

Maua ya buluu yalikuwa yamejaa kando ya barabara kuu siku tuliyopewa majibu. Familia zilisimamisha magari zikapiga watoto picha ndani ya maua. Mume wangu, Mwadime, aliendesha mpaka tukafika Irving, tukaegesha, ndipo akazima gari.

"Wakesho, hii maneno tuiweke kwa nyumba kwanza," akasema. "Watu wa church wakijua, wataanza kukuangalia kama maiti. Uliona vile walifanyia dada yangu."

Niliona. Dada yake aliugua huko nyumbani Wundanyi, na watu waliokuja kumsalimia waliongea juu ya watoto wake mbele yake kana kwamba ameshaondoka. Mwadime hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilinijia kwa sauti ya busara. Tukakubaliana tutasema nimekwenda Kenya. Kwani nani angeweza kuhakikisha? Ila watu wetu hawaachi safari bila sababu, kwa hiyo Jumapili iliyofuata mume wangu alisimama kanisani akasema mama mkwe anaumwa sana Voi na mimi nimekwenda kumuuguza.

Mama yangu alikuwa mzima wa afya, analima. Kanisa zima likafunga chakula na kumwombea apone.

Mimi nilikuwa Houston. Daktari wa Dallas alinielekeza kwenye hospitali kubwa huko, na huko ndiko nilikokatwa titi mwezi wa Aprili na kuwekwa kwenye dawa za kemo kiangazi chote, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Nilipewa chumba kwenye nyumba ya wagonjwa waliotoka mbali. Houston mwezi wa Julai hewa yake imelowa kama kitambaa cha kufutia vyombo, lakini chumba cha kungojea kilikuwa na baridi ya machinjioni. Sote tulikaa tumejifunika mablanketi, kofia vichwani, tukitazama mlango unaofunguliwa na muuguzi mwenye karatasi. Niliwachukia wanaokuja na familia nzima. Niliwachukia zaidi waliochekacheka. Kulikuwa na mwanamke aliyekuja na dada zake watatu, wote wamenyoa vichwa ili wafanane naye, na mimi niligeuza kiti nisiwaone.

Nywele zilitoka baada ya dawa ya pili, nikaziokota kwenye mto kwa vishungi. Kucha ziligeuka nyeusi. Maji yalikuwa na ladha ya chuma. Kinywa kikaota vidonda mpaka kooni, sauti ikawa ya mtu mwingine, kavu, ya mlevi wa kiume. Upande wa kushoto palikuwa na mshono mrefu ambao sikuutazama kwa wiki tano. Mimi, niliyekuwa nikikagua vidonda vya watu kwa tochi.

Rehema iliyonijia ilivaa sare ya usafi. Mama Furaha alikuwa Mkongo aliyekimbia vita Uvira, anapiga deki pale hospitalini. Siku moja nilikuwa nikimgombeza mume wangu kwenye simu ya ukutani, kwa Kiswahili, nikidhani hakuna anayenielewa, nikageuka nikamkuta amesimama na deki lake anasikiliza bila aibu.

"Mama, uko unagombana na nani vile? Na bwana yako?" akasema. "Kuya tukule kwanza. Hasira inaomba nguvu."

Alinichukua kwake, akanipikia uji mwembamba, akaupoza kwa kupuliza kama anavyopuliziwa mtoto. Nilipomweleza kwamba watu wangu wanadhani niko Kenya, aliweka kijiko chini.

"Uko unaficha nani? Mungu alishaona. Munganga wa hospitali alishaona. Mimi nilishaona. Nani anabakia?"

Waliobakia walikuwa ni wale ninaowapenda.

Sasa sikia jinsi wema wa watu ulivyotuumbua. Kanisani kwetu Irving kuna mama mmoja, nitamwita Mama Njeri, mwenye moyo mkubwa kuliko nyumba yake. Kwetu mtu akitangazwa mgonjwa, watu huenda kumjulia hali. Wanabeba sukari, unga na majani ya chai, wanaketi naye. Mume wangu, mtu aliyezaliwa Taita na kukulia humo humo, alisahau kwamba bahari haizuii jambo hilo. Mama Njeri alimpigia dada yake anayekaa Voi, na mwezi wa Agosti dada yake akakusanya akina mama sita wa kanisa lake, wakapanda mpaka kwa mama yangu na sukari, unga na kitenge.

Walimkuta mama anachuma kisamvu.

"Tumekuja kumwona mgonjwa," wakasema, "na kumsalimia Wakesho. Si yuko hapa tangu Aprili?"

Mama aliwakaribisha. Aliwapikia chai. Walipoondoka aliketi akafikiri, na alifikiri kama mzazi yeyote wa kwetu mwenye mtoto ng'ambo. Wanasema Wakesho ametoka Amerika. Kwangu hajafika. Mkwe akipiga simu anasema Wakesho yuko kazini, au amelala, au simu ni mbovu. Basi Wakesho amekufa, na wanatafuta namna ya kumleta.

Binti yetu Zawadi, mwenye miaka kumi na tano, ndiye aliyepokea simu mama alipopiga. Dakika kumi baadaye alinipigia kwa Mama Furaha, nilikokuwa nikishinda siku zile. Alikuwa analia mpaka sikumwelewa.

"Mom, Nyanya anauliza your body iko wapi."

"Ati nini?"

"Your body, Mom! Anasema tu-stop kumficha, anataka kujua ndege inakuja lini. Nimemwambia you're alive, uko hospitali Houston, ananiambia poor child, nani amekufunza kusema hivyo." Akavuta makamasi. "I'm done lying. Dad anaweza nipiga kama anataka. I'm done."

Nilinunua kadi ya simu. Asubuhi ya pili Houston, jioni kule, mama alikuwa amepelekwa kwenye duka lenye simu, na kaka yangu Mwakio kando yake. Tulizungumza Kitaita, hapa nakuandikia kwa Kiswahili.

"Mama, ni mimi, Wakesho."

Mama akasema kwa upole sana: "Wewe ni nani, mwanangu? Nani amekupa kazi hii mbaya?"

"Mama, ni mimi. Nina vidonda kooni, ndiyo maana sauti—"

"Sauti ya mwanangu naijua. Waambie waliokutuma kwamba mimi ni mtu mzima, sina haja ya kubembelezwa. Wanieleze tu siku, watu wajiandae."

Nikamtajia jina la baba. Nikamtajia ng'ombe wetu aliyeanguka korongoni. Akasema mambo hayo hata mkwe wake anayajua. Kila nilipoongea sauti ilizidi kukwaruza, na kila ilipokwaruza yeye alizidi kuwa mpole, na ule upole wa kumsamehe mtu baki anayemdanganya ndio ulionikata kuliko kisu cha daktari. Nilikuwa hai, na mama yangu mwenyewe hakunijua.

"Usilie, mwanangu," akaniambia. "Si kosa lako. Mwakio ameshafyeka nyasi pembeni ya baba yake. Ameondoa na ule mchungwa, mahali pametosha."

Ule mchungwa niliupanda mimi, mwaka tuliomzika baba.

"Mchungwa wangu?" nikapiga kelele, na Mama Furaha akatoka jikoni mbio. "Nani amemruhusu Mwakio kuugusa mchungwa wangu? Mpe simu huyo mjinga! Mimi nimetapika kiangazi kizima, nimekatwa titi, sina unywele hata wa kushikia kibanio, na nyinyi mnanifyekea kaburi! Hata kungoja mtu afe hamwezi? Nikifa nitawaambia mwenyewe!"

Nikasikia mama akipiga yowe, si kwangu, kwa duka zima.

"Ndiye! Ndiye huyu! Mwakio, dada yako yuko hai, anatutukana!"

Akalia, nikalia, kadi ikatoa mlio wa kuonya kwamba dakika zinakwisha. Alipopata pumzi aliniuliza swali moja tu.

"Sasa mimi nimekuwa nikikuombea nini miezi yote hii? Nilikuwa naomba upandishwe cheo kazini."

Simu ikakatika hapo hapo.

Alichosema Mzee Lamar kilikuwa kweli, ila hakunimalizia. Alisema ukificha, pigo litakuja upande ule ule. Langu lilinipita, likaenda kumpiga kikongwe wa Voi ambaye hakuwa hata uwanjani.

Mume wangu alisimama tena kanisani, Jumapili hiyo hiyo, bila mimi kumlazimisha. Zawadi aliniambia alisema, "Nilidanganya. Mke wangu ana cancer, yuko Houston, na niliogopa," na kwamba alikaa chini kabla ya kumaliza sentensi ya mwisho. Mama Njeri alilia kwa aibu ya kuombea mtu asiye mgonjwa. Ijumaa alikuwa ameketi kando yangu kwenye chumba cha kungojea, chupa ya chai mapajani, ameendesha tangu usiku wa manane. Nilimkasirikia mume wangu miezi mingi baadaye. Wakati mwingine bado, nikiosha vyombo, inanirudia, navigonga vyombo, naye anajua, anatoka kwenda kufyeka majani.

Mionzi niliipata vuli, siku tano kwa wiki, ngozi ikaungua ikawa rangi ya biringanya. Mama Furaha alinipaka mafuta. Ule mshono niliutazama hatimaye, kwenye kioo cha bafu yake, yeye akiwa amesimama mlangoni na taulo. "Iko sawa tu," akasema. "Walishona vizuri kuliko fundi wa kwetu."

Nilirudi DeSoto Januari, wiki ile barafu ilipofunga barabara za Dallas na shule zikafungwa. Nywele zangu zilikuwa fupi kama za mtoto. Ndani ya blauzi sikuweka sponji. Upande wa kushoto palikuwa bapa, na nilikusudia paonekane. Mzee Lamar alikuwa amekonda. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Kushoto," akasema.

"Kushoto," nikasema.

Tukaanza kazi. Bafuni, nilipokuwa namkausha, macho yalimgeuka, akaushika ukuta, akateleza, nami nikamshusha sakafuni polepole kwa mikono yote miwili. Ilichukua dakika kadhaa kabla hajanijua. Nilimkalisha kitini, nikamfunika, nikafungua daftari la zamu.

"Usiandike, Keesho."

"Naandika."

"Tulikubaliana."

"Tulikosea."

Akanitukana. Alinitukana matusi ya uwanjani ambayo sikuwahi kuyasikia, akaniambia nitamtoa katika nyumba yake, nitamtenga na picha yake, kwamba hata makocha walimfaa kuliko mimi. Nikaendelea kuandika kwa herufi kubwa ili binti yake asipate tabu kusoma. Niliandika kwamba ameanguka mara moja, bafuni asubuhi hii, amepoteza fahamu kwa muda, anaumwa kichwa.

Kisha nikamwekea daftari mapajani. Akanyoosha mkono kuomba miwani, nikampa.

"Umeandika mara moja," akasema.

"Nimeona mara moja."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blanketi, akairudisha machoni.

"Ni mara ya tatu wiki hii," akasema. "Andika tatu."

Nikafuta moja, nikaandika tatu.